Mchezo Alioandika Murungi

Asubuhi Karwirwa alikamua ng'ombe, mwanawe Murungi akakata majani. Hawakusemezana. Tangu Kobia, baba yake, afariki, kijana huyu alijibu ndiyo au hapana tu. Chakula alikionja akaacha.

Kobia alikufa kwa ajali ya pikipiki. Wakati huo Murungi alikuwa kibandani, ametoka kutahiriwa. Kijana ambaye hajapona hatoki nje, basi hakumzika baba yake. Wajomba walimwambia akaze roho, sasa ni mwanaume. Karwirwa naye alijisifu kanisani kwamba mwanawe hakutoa chozi. Ndivyo tulivyo. Mtoto akinyamaza, tunasema amepoa.

Siku ya wazazi, wanafunzi waliigiza mchezo ulioandikwa na Murungi. Yeye alikaa nyuma. Jukwaani, kijana aliyejifunga shuka alisema, "Baba alikuwa akiniletea uji. Mimi ndiye niliyemuua."

Karwirwa alishtuka. Hiyo ilikuwa habari ya nyumba yake. Alimfuata mwalimu Alice nje, akamwuliza kwa hasira mbona anaanika mambo ya watu.

Alice hakubishana. Alieleza kwamba hakumlazimisha Murungi, na kwamba ni yeye aliyetaka mama yake auone mchezo.

"Kusema 'mimi naumia' kulimshinda," Alice alisema. "Alipompa mtu wa mchezo maneno hayo, yalitoka. Usimgombeze, mama. Msikilize. Akiendelea kukataa chakula, tutampeleka kwa mshauri hospitalini."

Karwirwa aliketi kwenye nyasi. "Uji gani? Kobia alikuwa akitoka kazini Timau."

Hapo akashtuka zaidi. Miezi yote hiyo mtoto alibeba kosa ambalo si lake, kwa sababu hakuna aliyemweleza lolote kuhusu ajali. Alimwita, akamwambia.

"Hakuwa akija kwangu?" Murungi aliuliza.

"Hapana. Alikuwa akirudi nyumbani."

Murungi alilia kwa sauti mbele ya watu. Mjomba mmoja alianza kumnyamazisha. Karwirwa akamzuia.

"Mwache alie. Hata mimi sijalia vya kutosha."

Jumamosi walikwenda kaburini pamoja. Siku hizi Murungi anakula, na jioni wanazungumza. Ameandika mwisho mpya wa mchezo. Ndani yake, mama anavunja mwiko wa wanawake kutokaribia kibanda, anakuja hadi mlangoni siku ile ile ya ajali, anamwambia mwanawe kila kitu.

Karwirwa aliusoma hadi mwisho.

"Hivi ndivyo nilivyopaswa kufanya," alisema.