Vishindo Kwenye Ngazi

Majira ya baridi, giza huingia mtaa wa Handsworth, huku ughaibuni, saa kumi jioni. Saa hiyo Bi Shemsa hukaa jikoni akichambua mchele, huku akimsubiri binti yake, Asmahan, arudi kutoka kazi yake ya kutunza wazee. Nyumba yao ni nyembamba, na ngazi zake ni za mbao.

Jioni moja, ungo ukiwa mapajani, alisikia vishindo.

Du. Du. Du.

Vilikuwa vishindo vya mtu mzito, asiye na haraka. Bi Shemsa alichungulia. Ngazi zilikuwa tupu.

"Nani?" aliuliza.

Du. Du. Du.

Labda ni jirani, Mzee Gurdev, ambaye ukuta wao ni mmoja. Asmahan alikwenda kumwuliza kwa adabu. Mzee yule hakukasirika. Aliomba radhi, akavua viatu palepale, na tangu siku hiyo alitembea nyumbani mwake kwa soksi.

Vishindo havikukoma.

Ndipo Bi Shemsa alipomkumbuka mpangaji aliyewatangulia. Watu walisema alifia mle ndani. Akafanya kama walivyofanya kwao Unguja. Alinyunyiza chumvi kila pembe ya nyumba. Tena, kila asubuhi, Asmahan akishatoka, alikoroga chumvi nyingi kwenye glasi ya maji, akaisomea dua, akanywa yote.

Vishindo vikazidi.

"Amekasirika," alijiambia. Akaongeza chumvi.

Sasa kile kitu kilimfuata. Akipanda ngazi polepole, nacho kilipanda polepole. Akikimbia, kilikimbia. Akisimama chumbani akihema, kilipiga hapohapo, nyuma ya sikio lake. Bi Shemsa aliogopa kwamba siku moja kitamfikia, naye atakutwa amelala chini, hana kauli.

"Mama, kiliniki wametuma ujumbe tena," Asmahan alisema jioni moja. "Wanataka ukapimwe afya. Bure."

"Mimi siumwi. Mtu mzima wa afya kwenda hospitali ni kujitafutia maradhi."

"Haya. Nafasi yenyewe ni kesho saa kumi jioni, na..."

"Saa kumi?" Bi Shemsa aliuweka ungo chini. "Nitakwenda."

Asmahan alimtazama kwa mshangao. Hakujua kwamba mama yake alitaka tu kuikimbia nyumba saa ile.

Kesho yake walipanda basi kwenye barabara ya Soho. Maduka yalikuwa yamewasha taa. Bi Shemsa alishusha pumzi. Leo atapumzika.

Du. Du. Du.

Aligeuka. Nyuma yake palikuwa na msichana mmoja tu, amesinzia. Bi Shemsa alishika mkono wa binti yake kwa nguvu. Kumbe hakikai nyumbani! Kimemfuata yeye.

Muuguzi aliyewapokea kiliniki alikuwa Mkenya, jina lake Jelagat. Alikuwa muuguzi aliyesomea zaidi, mwenye ruhusa ya kupima, kutibu na kuandika dawa.

"Karibu, mama. Leo tutaongea Kiswahili. Lakini usicheke changu."

"Nikucheke kwa nini, mwanangu? Ongea, nitakisahihisha."

Jelagat alicheka. Alisugua mikono yake ipate joto kabla ya kumgusa. Bi Shemsa aliliona jambo hilo, akampenda.

"Kuna mtu wa familia aliyewahi kuugua presha au kiharusi?"

"Hakuna. Ila dada yangu alianguka jikoni, akapooza upande mmoja. Walisema ni upepo mbaya."

Jelagat aliliandika hilo. "Pole sana, mama. Mbona unageukageuka? Unatafuta nini?"

Bi Shemsa aliinama. "Hata hapa yupo. Anatembea. Nasikia vishindo vyake."

Asmahan aliona haya. Jelagat hakucheka. Alikishika kifundo cha mkono wa Bi Shemsa kwa vidole viwili. Kwa mkono mwingine, akaanza kugonga meza taratibu.

Du. Du. Du.

"Anatembea hivi?"

Bi Shemsa aligutuka. "Hivyohivyo! Na wewe unamsikia?"

"Mimi simsikii, mama. Nimeshika mshipa wako. Huu ni moyo wako unavyopiga."

Bi Shemsa alisikiliza sikioni, akatazama mkono wa Jelagat mezani. Vilikwenda pamoja.

Jelagat alimwacha apumzike, ameegemea kiti, nyayo zote mbili zikiwa chini, bila kuongea. Kisha akamfunga mkanda wa presha. Akapima, akarudia.

"Mia moja sabini na sita kwa mia moja na nne. Hapa kiliniki tunataka iwe chini ya mia moja arobaini kwa tisini. Presha hii ikiachwa ndiyo huleta kiharusi. Unapenda chumvi?"

Bi Shemsa alieleza habari ya glasi ya asubuhi.

"Mama!" Asmahan alipiga kelele. "Chumvi yote hiyo?"

"Dua usiache," Jelagat alisema kwa upole. "Soma kwenye maji matupu. Chumvi ndiyo iache. Ilikuwa inaipandisha presha, na vishindo vinazidi."

"Sasa kila mwenye presha husikia vishindo?"

"Hapana. Wengi hawasikii chochote. Ndiyo maana tunawaita watu wa miaka arobaini hadi sabini na nne waje wapimwe wangali wazima. Wewe umepata bahati ya kusikia. Na sauti ya sikioni inaweza kuwa na sababu nyingine, kwa hiyo daktari atakuangalia vizuri."

Daktari alimwona jioni ileile. Alipimwa damu na mkojo, akapewa mashine ya kupima presha nyumbani, kisha akaanzishiwa vidonge. Alipunguza chumvi kwenye mchuzi, akaongeza ndimu. Kila siku alitembea na Asmahan mpaka sokoni.

Vishindo vikafifia, kama mtu anayekwenda zake mbali. Jioni moja alichambua mchele wote, asisikie kitu. Na presha ilikuwa imeshuka.

Bi Shemsa alijifunga kanga, akapakia vitumbua kwenye sahani, akaenda na Asmahan kumbishia hodi Mzee Gurdev. Alimkuta amevaa soksi, katika baridi ile.

"Asmahan, mwambie avae viatu vyake," alisema. "Mwambie hakuwa yeye. Nilikuwa mimi."

Mzee yule alicheka, akapokea sahani kwa mikono miwili.

Siku hizi, saa kumi jioni, vishindo husikika tena nyumbani kwa Bi Shemsa. Vinatoka upande wa pili wa ukuta. Yeye hutabasamu, akaendelea kuchambua mchele.