Maji ya Miguu

Kwanza ilikuwa harufu. Siagi aliyoisukasuka Nábla asubuhi ilinuka matope ya ziwa. Kisha, kwenye umande, zikaonekana nyayo nyembamba za mwanamke, zimetoka ziwani, zimekomea kizingitini.

Mama Peig, jirani aliyetibu watu kwa majani, aliziinamia.

"Huyu ni mungu wa ziwa, mwanangu. Ana mpenzi humu ndani, na si wewe."

"Mume wangu Fiachra?"

"Basi nani, ng'ombe? Usisahau kumwaga maji ya miguu."

Nábla hakuhitaji kuambiwa. Kijiji kizima kiliosha miguu jioni na kuyamwaga maji nje, kwa sababu yakibaki ndani huwafungulia mlango wasioonekana.

Jioni hiyo aliyamwaga, akaingia chumbani kumnyonyesha mwanawe, Odhrán. Moto ulififia. Nje, sauti tamu ikasema:

"Maji ya miguu, nifungulie."

Na maji, kutoka kwenye tope la uani, yakajibu: "Siwezi. Nimemwagwa. Unanikanyaga."

"Basi Fiachra, nifungulie wewe. Msimu mzima wa mavuno ulilala mapajani mwangu. Uliapa hutaoa binadamu."

Nábla alitega sikio. Alimsikia mumewe akinyata hadi mlangoni, akamsikia akibandika midomo kwenye ufa, na maneno aliyoyanong'ona yakapita chini ya pazia kama maji baridi, yakapanda miguuni mwake, tumboni mwake, hadi kwenye titi alilokuwa akinyonya mtoto.

"Mpenzi, niache nizeeke na watu. Mchukue mwanangu badala yangu. Kesho nitayaacha maji ndani."

Kesho yake Fiachra alikuwa mpole mno.

"Pumzika, mke wangu. Leo nitamwaga mimi."

"Leo jua limechomoza magharibi," Nábla alimtania. "Asante, Baba Odhrán. Mtoto ameshalala, usimwamshe. Naenda kwa ng'ombe."

Chini ya shali yake, Odhrán alikuwa amelala kifuani. Ndani ya susu, kitanda cha kumbembelezea mtoto, chini ya blanketi, alikuwa amepanga viazi.

Alisimama nje ya dirisha. Alimwona mumewe akilisukuma beseni la maji ya miguu nyuma ya mlango, akakaa, akaigeuzia susu mgongo. Alingoja ageuke. Walau ageuke mara moja, ajute, ayamwage, naye angeingia na kusamehe. Fiachra hakugeuka.

"Maji ya miguu, nifungulie."

Komeo likajifungua lenyewe, na harufu ya ziwa ikaingia, na nywele ndefu zinazochuruzika zikapita sakafuni zikiielekea susu, na mkono mweupe ukafunua blanketi, ukashika kiazi.

"Hata mimi unanidanganya, Fiachra?" sauti ikauliza, nayo ilikuwa inalia. "Hata mimi tena?"

Nábla alimziba mtoto masikio.

Asubuhi nyumba ilikuwa tupu, na sakafu ilikuwa imelowa, mchirizi wa maji ukielekea hadi ziwani.

Odhrán sasa anatembea. Kila jioni mama yake humwosha vidole vilivyojaa tope, hulibeba beseni, huyamwaga maji mbali. Kisha hufunga mlango na kuimba kwa sauti kubwa, mtoto asisikie tope la uani likiomba, kwa sauti ya mwanamume aliyejaa maji kooni:

"Nábla. Nifungulie."