Sauti ya Mzee Kibii

Ndugu yangu Kipkemei hakuwa mchawi, na Kogo Jerop si mchawi. Naanza na hilo kwa sababu watu wa Njoro wana midomo, na tangu mazishi nimesikia mengi. Wote wanaosimulia hawakuwepo. Mimi nilikuwepo. Nauza chai na chapati kwenye kibanda kilichoshikana na duka lake, ukuta wenyewe wa mbao, hata akipiga miayo nilikuwa namsikia.

Kazi yake ilikuwa kuwawekea watu sinema na nyimbo kwenye simu na flashi. Siku hizi wanafunzi wa chuo wamezirudia zile PSP za zamani, vile vimashine vya michezo vya kushika mkononi. Wananunua mitumba mjini Nakuru, kisha walikuwa wakimletea azijaze sinema. Sinema haiingii humo hivi hivi, lazima igeuzwe kwanza iwe ya aina ambayo mashine inaikubali. Kipkemei alikuwa na programu ya bure aliyoitoa mtandaoni, na aliipenda kuliko wasichana wote aliowahi kutuletea nyumbani. Kushoto mwa kioo inakuonyesha vilivyo kwenye kompyuta, kulia vilivyo kwenye mashine ya mchezo. Katikati kuna kitufe cha kuzifanya pande hizo mbili zifanane. Kabla hujakibonyeza lazima ujue nani anamfuata nani, maana ukikosea, upande uliojaa unafutwa ufanane na ule mtupu.

Kila aliyekuja kujifunza kazi kwake alianza kufundishwa maneno mawili: kopi kwanza.

"Ukisahau kopi, wewe ni bure kuliko hii programu," alikuwa akiwatania.

Kogo Jerop alikuja asubuhi moja ya jua, wakati wa mavuno ya ngano, trekta zimejaa barabarani. Kogo ni nyanya kwa lugha yetu. Yeye ni jirani yetu kule juu, njia ya Mau Narok, na ukoo wetu ni mmoja. Alikuwa amefunga PSP kwenye leso, mafundo mawili. Ilikuwa ya mwanawe Kiplimo, ambaye yuko Qatar kikazi. Kabla ya kusafiri, Kiplimo aliichomekea kamera ndogo akamrekodi baba yake, Mzee Kibii, ameketi kando ya zizi akitaja majina ya waliokufa wa nyumba yao. Mzee peke yake ndiye aliyeyajua yote. Sasa mzee mwenyewe naye ni marehemu.

Kwetu, mtoto akizaliwa, wanawake hukaa naye wakaita majina ya marehemu, moja baada ya jingine. Jina likitajwa na mtoto akapiga chafya, basi huyo marehemu amekubali. Amerudi, na mtoto ni wake. Jumapili tuko kanisani kama watu wengine, lakini hili hatujaliacha. Winrose, mke wa Kiplimo, alikuwa amejifungua mvulana. Kogo alitaka ile sauti iingie kwenye simu yake, ili mzee amwitie mjukuu wake mwenyewe.

"Majina nimesahau mengi, mwanangu," alimwambia Kipkemei, amemshika mkono kwa mikono yake yote miwili. "Na hiyo sauti nimeikosa sana. Niwekee hapa kwa simu."

"Hiyo ni kitu ndogo, Kogo. Kaa kwa Chepkemboi unywe chai."

Chai yenyewe haikuwa imepoa. Kipkemei alikuwa akibishana na mteja habari za mpira, mkono mmoja hewani, mwingine kwenye kompyuta. Nilimsikia akicheka. Halafu kicheko kikakatika katikati. Nikachungulia mlangoni. Kushoto mwa kioo kulikuwa kweupe. Kulia pia kulikuwa kweupe. Alikuwa ameifanya mashine ya Kogo ifanane na folda yake tupu, na kopi hakuwa ametoa. Mwalimu wa kopi kwanza!

Alitoka nje akitabasamu vibaya.

"Kogo, inasumbua kidogo. Niachie hadi kesho."

"Sawa, mwanangu."

Alijaribu kila programu ya kufufua vilivyofutwa. Hakupata hata sekunde moja. Kesho yake, kabla hajafungua duka, nilisikia sauti ya mzee nyuma ya ukuta. Nzito, ya polepole, ikitaja wafu. Kiprugut. Kimaiyo. Chumo. Maziwa yakafurika jikoni nikiwa nimesimama hapo hapo. Nikausukuma mlango wa duka. Ndani alikuwa ndugu yangu peke yake, maikrofoni mdomoni, macho mekundu.

"Kipkemei, umeshikwa na wazimu?"

"Shhh. Majina nimetoa kwa uncle, si ukoo ni mmoja, nimepata karibu yote. Nitaishusha hii sauti, niiweke slow. Nitamwambia picha imekataa."

"Mwambie ukweli. Atalia, atakutukana, itaisha."

"Siwezi, sista. Uliona vile alinishika mkono?"

Nilimwita mwoga. Nilimwita na majina mengine pia, na leo natamani ningelipiga kelele zaidi, soko zima lisikie. Lakini nilidhani siri ni yake na ni yeye wa kuisema.

Kogo alipokuja aliiweka simu sikioni, akasikiliza yote mpaka jina la mwisho, jina la Kibii mwenyewe. Kisha akamtazama Kipkemei. Alimtazama sana.

"Sawa, mwanangu," akasema, akafunga mashine yake kwenye leso, mafundo mawili, akaenda.

Tangu hapo ndugu yangu aliacha kula. Yeye ambaye alikuwa akiniibia chapati zikiwa bado kwenye kikaango, sasa nilimpelekea kwa sahani na zikarudi zimekauka. Majuto ni mjukuu, wazee walisema, na huyu mjukuu alikuwa amekwisha zaliwa kule juu akingoja jina. Kila siku Kipkemei aliniambia anapanda kwa Kogo kusema. Kila siku alipata mteja wa kumzuia.

Siku ya kuita majina ilipofika tulipanda pamoja. Aliniapia kwamba atamwambia Kogo kabla hawajaanza. Tulipofika, wanawake walikuwa wamekwisha kaa, na mwanamume haingii mle. Akabaki nje, karibu na tangi la maji, akikunja na kukunjua kofia yake.

"Niitie Kogo," aliniambia.

Niliingia kumwita. Kogo alikuwa amekwisha bonyeza simu.

Mtoto alikuwa mapajani mwa Winrose, macho wazi, ametulia. Sauti ikaanza. Kiprugut. Kimya. Chumo. Kimya. Kogo akampitishia mtoto tumbaku kidogo chini ya pua. Kimaiyo. Mtoto alipepesa macho tu. Majina yaliendelea na aibu ilinipanda mpaka masikioni, maana nilikuwa nikimsikia ndugu yangu wazi kabisa ndani ya uzee ule wa kuigiza. Likaja la mwisho. Kibii. Kogo akainama juu ya mtoto.

Mtoto hakupiga chafya.

Rekodi ilikuwa imefika mwisho wake. Mimi naijua, niliisikia ikitengenezwa. Lakini simu haikuzima.

Ng'ombe akalia ndani ya simu. Duka la Kipkemei halina ng'ombe.

Kisha mtu akakohoa. Kikohozi kile kila mwanamke mle ndani alikijua, kile cha mara tatu, cha mwisho kirefu. Winrose alishika mkono wangu.

"Kipkemei," sauti ikaita.

Haikuwa ya ndugu yangu. Haikuwa imeshushwa wala kupunguzwa mwendo.

Mtoto akapiga chafya.

Na nje, kando ya tangi, ndugu yangu akaitika.

"Niko!"

Alidhani ni mimi nimemwita. Wanawake walikuwa wamekwisha piga vigelegele, wakicheka, wakiulizana ni Kipkemei yupi huyo wa zamani, mbona hawamkumbuki. Kogo hakucheka. Alikuwa ameigeuza simu kifudifudi mapajani mwake.

Yaliyofuata sina maelezo yake. Tuliposhuka, mbwa wa Kogo, ambaye hubwekea hata kivuli chake, alimpita Kipkemei kama hakuna mtu. Dukani, simu yake ilikataa kidole chake. Akapangusa kidole, akajaribu, ikakataa. Wateja walianza kusimama mlangoni pake na kuniuliza mimi, "Mathe, boss wa movie ako wapi?" Naye ameketi pale pale, mbele yao.

"Niko hapa," anasema.

Wanashtuka. Wanacheka. Halafu wanaondoka bila kununua.

Nilimshika mkono nikamburuta mpaka kwa Kogo. Ilikuwa mchana, jua kali, ng'ombe wamekwisha kamuliwa. Alipiga magoti mbele ya mama mzee yule akasema yote: kicheko, kitufe, maikrofoni. Alilia kama mtoto. Kogo alimwacha amalize.

"Mimi niliishi na Kibii tangu nikiwa msichana," akasema kwa sauti ya chini. "Unafikiri sijui sauti yake? Siku ile dukani nilijua si yeye. Nikasema nikungoje. Nikasema huyu ni mtoto wetu, atakuja mwenyewe."

"Nisamehe, Kogo."

"Nimekusamehe." Machozi yalikuwa yakimtoka na hakuyapangusa. "Yale majina mengine yote uliyaita wewe. Lakini lile la mwisho, lako, aliliita Kibii mwenyewe."

"Liondoe. Muite mtoto tena. Mpeeni jina lingine."

"Jina haliondolewi, mwanangu. Mtoto amekubali." Akamwinua. "Na wewe uliitika."

Alimpa maziwa, naye Kipkemei akayanywa yote, kitu cha kwanza alichomaliza kwa wiki kadhaa. Njiani kurudi alionekana mwepesi. Alinitania kuhusu viatu vyangu. Nikafikiri yamekwisha.

Nilimkuta kwenye kiti chake saa ya chai, asubuhi iliyofuata, kichwa kimeinama, mkono juu ya meza. Kompyuta ilikuwa ikiwaka. Hospitali walisema ni moyo. Ana moyo gani wa kusimama, kijana ambaye juzi alikuwa akikimbiza gari la ngano kwa mchezo? Lakini waliandika hivyo, na sisi tukazika.

Mazishi yalipokwisha, Kogo alimtuma mtu aniletee ile PSP. Ujumbe ulikuwa mfupi: nitazame kama kuna chochote cha mzee kilichobaki humo. Nilifungua duka, nikaiunganisha, nikafungua ile programu ya bure. Kushoto hakukuwa na kitu. Kulia kulikuwa na video moja.

Nikaifungua.

Zizi. Mzee Kibii kwenye kigoda chake, fimbo kati ya magoti. Ng'ombe analia. Na chini, kwenye nyasi, kando ya miguu ya mzee, ameketi Kipkemei. Amevaa lile koti la dukani, lile tulilomzika nalo. Kichwa ameinamisha, anakunja na kukunjua kofia.

Mzee anataja majina. Ni mengi kuliko yale ya uncle, mengine sijawahi kuyasikia maishani. Anataja polepole, bila haraka. Kisha anasema, "Kipkemei."

Ndugu yangu anainua uso. Hana hasira. Ana ile sura yake ya siku ile dukani, ya mtu anayetaka kusema jambo na hajui aanzie wapi.

"Niko," anasema.

Mzee anakohoa, mara tatu, ya mwisho ndefu. Halafu anageuka na kutazama moja kwa moja kutoka kwenye kioo, mahali nilipoketi. Anafungua mdomo.

Hapo ndipo nilipozima. Nimejaribu mara nyingine kadhaa, na kila mara nazima hapo hapo, kabla hajataja anayefuata. Nilijaribu kuifuta. Niliifanya mashine ifanane na folda tupu, kama alivyofanya yeye, nikahakikisha nani anamfuata nani. Video bado iko. Betri nimeitoa, iko kwenye kopo la majani chai, na ile taa ndogo ya kijani kwenye PSP haijazimika.

Kiplimo alikuja likizo, akarudi Qatar. Winrose ana mimba tena. Juzi Kogo alishuka mwenyewe mpaka kibandani kwangu, akaketi mahali alipoketi asubuhi ile, nikammiminia chai. Mtoto alikuwa mgongoni mwake amelala. Alinishika mkono kwa mikono yake yote miwili.

"Ulipata kitu, Chepkemboi? Hata sauti tu?"

Nilikuwa nimejiandaa kusema ukweli. Naapa nilikuwa nimejiandaa.

"Hakuna, Kogo," nikasema. "Yote ilifutika."

Mgongoni mwake mtoto akaamka. Kogo akanitazama. Alinitazama sana.

"Sawa, mwanangu," akasema, akainuka, akaiacha chai yake pale.