Nyuzijoto Ishirini na Saba

Kila asubuhi ya likizo Sondes aliamshwa na sauti mbili: ya jogoo wa jirani na ya bibi yake, Zohra. Kati ya hao wawili, jogoo ndiye aliyekuwa na huruma.

"Sondes! Inuka! Unadhani bahari itajipima yenyewe?"

Kazi yake ilikuwa hiyo moja tu. Kabla shule haijafungwa, Mwalimu Nizar alimpa kipimajoto kilichofungwa kamba, pamoja na daftari lenye jalada la bluu. Kila siku jua likichomoza, aende mpaka kwenye uzio wa samaki wa mvuvi Ami Jilani, ulio baharini, azamishe kipimajoto kwa dakika tatu, asome, aandike. Basi.

Bahari ya visiwa vya Kerkena ni ya kina kifupi mno. Watu husema mbuzi mwenye subira anaweza kuvuka kwa miguu mpaka mji wa Sfaksi, ng'ambo, na wapo wanaoapa kwamba walimwona akirudi na kitunguu mdomoni. Ndiyo maana wavuvi wa huko huchomeka makuti ya mitende topeni, safu kwa safu, yakawa ukuta wa kuwaongoza samaki hadi ndani ya dema. Kila ukoo una mahali pake baharini, hurithishwa kama wengine wanavyorithi shamba la mizeituni. Uzio wa Ami Jilani ulichomekwa kwanza na babu yake.

Lakini kufika uzioni ni dakika ishirini za kukanyaga tope, na kurudi ni ishirini nyingine. Wiki ya kwanza Sondes alikwenda. Aliandika ishirini na saba, ishirini na saba na nusu, ishirini na nane. Siku ya nane usingizi ulikuwa mtamu. Akaenda kukaa nyuma ya ghala la nyavu, akaandika ishirini na saba, kisha akamwagia miguu maji ya birika ili Bibi asishuku. Siku ya tisa ikawa hivyo hivyo. Akawa hodari. Leo alipandisha nusu, kesho akashusha nusu, ili bahari ionekane inapumua.

Katikati ya Julai likaja joto lisilo na adabu. Muuza kahawa aliapa kwamba kuku wake walitaga mayai yaliyokwisha kuchemka. Watu walilala juu ya mapaa, na hata huko walilala wakigombana. Siku kumi na mbili upepo haukutikisa hata nguo kwenye kamba.

Ndipo harufu ikaanza. Ilitoka upande wa uzio wa Ami Jilani, harufu ya kitu kilichooza majini. Sifongo, wale viumbe wa baharini ambao wapiga mbizi huwang'oa na kuwauza kwa ajili ya kuogea, walikuwa wamefunikwa na utando mweupe. Chaza wakubwa walikuwa wameachama. Pweza hawakuonekana. Na kwenye mti wa uzio palikuwa pamefungwa dumu jeupe tupu, la klorini ya kufulia.

Hamouda, mwenye uzio wa jirani, alikuja kijijini akipiga kelele tangu ufukweni.

"Amemwaga klorini! Jilani amemwaga klorini kuwatoa pweza mashimoni! Ametuulia bahari, mwanaharamu yule!"

Sondes alikuwa mlangoni. Damu ilimpanda. Ami Jilani ndiye aliyemfundisha kuogelea. "Mwongo wewe, Ami Hamouda!" alifoka. "Dumu lile ni boya tu! Hata wewe una madumu kama hayo!"

"Funga mdomo, binti. Mambo ya watu wazima haya."

"Watu wazima wenyewe ndio hawa!" Bibi Zohra alidakia kutoka jikoni. "Wanabweka kabla hawajanusa."

Jumapili saa moja asubuhi wavuvi walikusanyika mbele ya mgahawa. Hamouda alitaka jambo moja: makuti ya Jilani yang'olewe yote siku hiyo hiyo, na ukoo wake usichomeke tena katika bahari ile. Wengi walitikisa vichwa kukubali. Hasira ilikuwa imewajaa, na mtu mwenye hasira nyingi hutafuta pa kuitua.

Ami Jilani alisimama, kofia yake nyekundu mkononi. "Sikumwaga kitu. Maji yamechemka! Mguu wangu unajua. Mwalimu, si una daftari? Wasomee."

Mwalimu Nizar, aliyelichukua daftari kwa Sondes asubuhi ile, alifungua jalada la bluu. Alisoma, akasoma tena, uso ukimbadilika. "Ishirini na saba. Ishirini na saba na nusu. Ishirini na saba..." Akafunga. "Samahani, Ami Jilani. Kwa daftari hili, bahari ilikuwa kama miaka yote. Joto hili haliui sifongo."

"Mmesikia!" Hamouda alirukaruka kama aliyekanyaga kaa. "Si maneno yangu, ni ya kipimajoto! Twendeni tukang'oe!"

Viti vilisukumwa. Ami Jilani alipaza sauti. "Ngojeni! Mimi huenda uzioni alasiri tu, lakini mtoto huyu alikuwa pale kila asubuhi. Sondes, mwanangu, sema. Waambie maji yalikuwaje."

Siku tatu nzima, tangu kelele zianze, Sondes alikuwa amemkasirikia Hamouda mpaka meno yanauma. Sasa hasira ile ile iligeuka, ikamtazama yeye.

"Sikuwepo," alisema.

"Nini? Sema kwa sauti!"

"Sikuwepo! Nilikwenda siku saba tu. Namba nyingine zote nilizitunga nyuma ya ghala la nyavu. Sijui maji yalikuwaje."

Muuza kahawa aliacha kukoroga. Bibi Zohra, aliyekuwa amesimama na wanawake kando ya ukuta, aliangalia chini, na hilo lilimuuma Sondes kuliko kofi.

"Basi hatujui lolote," Hamouda alisema, lakini sauti yake ilikuwa imepungua.

"Tunaweza kujua," alisema Mwalimu Nizar, naye akiwa na hasira. "Kipimajoto kiko wapi? Kilete. Utapima wewe, mbele ya wote."

Wakaingia majini, watu thelathini wamepandisha suruali, Sondes mbele. Kwenye uzio wa Ami Jilani alizamisha kamba, akahesabu dakika tatu, akainua. Hakuamini. Alimpa mwalimu asome.

"Thelathini na tatu. Saa mbili asubuhi."

Minong'ono ilizuka. "Sasa kwa Ami Hamouda," alisema Sondes.

"Kwangu kuna nini? Kwangu hakuna kilichokufa!"

"Umepaangalia lini?" aliuliza Ami Jilani.

Siku zote tatu Hamouda alikuwa akizunguka kijijini kupiga kelele. Walipofika, kipimajoto kilisema tena thelathini na tatu. Hamouda aliinama, akashika sifongo chini ya makuti yake mwenyewe, akavuta. Likamvunjikia mkononi kama mkate uliolowa mchuzi, na ile harufu ikapanda. Uchafu mweupe ukamchuruzika kwenye vidole.

Mwisho walipanda mashua hadi kwenye mkondo wenye kina. Kamba ikashushwa mpaka chini: ishirini na nane. Kijana mmoja alipiga mbizi, akaibuka na sifongo jeusi, gumu, zima.

"Klorini haichagui kina hivyo," alisema mwalimu. "Ni joto. Dunia inachoma mafuta na makaa kila siku, moshi wake unanasa joto hewani, na sehemu kubwa ya joto hilo humezwa na bahari. Yetu ina kina kifupi, haina pa kulificha."

Hamouda aliosha mikono kwa muda mrefu. "Jilani," alisema bila kumtazama, "nimekukosea. Makuti yako hayataguswa."

"Najua hayataguswa," Ami Jilani alijibu kwa ukali. Kisha akamgeukia Sondes, naye akatamani tope limmeze.

"Nisamehe, Ami."

"Nitakusamehe, lakini si leo. Leo nina hasira, na nina haki nayo! Unajua umefanya nini? Si kwamba nilikaribia kupoteza uzio wa babu yangu tu. Sikiliza. Bahari yetu inapikwa, na wanaoipika wako mbali, hawajawahi hata kuonja pweza wetu. Siku tutakayokwenda kuwadai, tutakwenda na nini? Na kelele za Hamouda? Tutakwenda na daftari! Namba ya kweli ndiyo silaha pekee ya mvuvi maskini. Wewe uliibadilisha kwa usingizi wa asubuhi, na sisi tukaanza kutafunana wenyewe kwa wenyewe. Mwenye kazi ndogo asidhani uongo wake utakuwa mdogo."

Sondes alilia bila kujifuta. Kisha akalichukua daftari kwa mwalimu, akalifungua juu ya paja, akapiga mstari juu ya kila namba aliyoitunga, na pembeni akaandika: *Uongo. Mimi, Sondes.* Chini yake akaandika: *Thelathini na tatu.*

Ami Jilani alitazama, akavaa kofia yake.

"Kesho jua likichomoza nitakuwa uzioni," alisema. "Nisipokuona, nitakuja kukuvuta sikio mbele ya jogoo."