Pamba Masikioni

Mwalimu Nthenya alifundisha watoto wa chekechea katika chumba cha mabati, karibu na soko la Tulia. Ilikuwa mwaka wa 1997. Shule zilipofungwa, alikwenda Nairobi kusomea shahada ya elimu ya watoto wadogo. Zilipofunguliwa, alirudi kwa watoto wake na mzigo wa kazi za kuandika.

Kila asubuhi aliita majina.

"Kavata!"

"Niko, Mwalimu!"

"Kisilu!"

Kimya. Kisilu, mtoto wa miaka sita, alikaa nyuma kabisa, nzi wakimzunguka kichwani.

"Wewe Kisilu! Umetia pamba masikioni?"

Watoto wakaangua kicheko. Kisilu aliwatazama, naye akacheka. Kicheko hicho ndicho kilichompandisha Nthenya hasira. Akachukua kiboko, akamchapa viganja.

Muhula huo Nthenya alitakiwa kumchunguza mtoto mmoja na kuandika aliyoyaona. Alimchagua Kisilu. Aliandika kurasa nne, akazituma kwa posta. Ziliporudi, mhadhiri wake alikuwa amelizungushia neno moja wino mwekundu: mkaidi. Pembeni aliandika, "Hili ni neno lako, si la mtoto. Uliona nini? Rudia."

Nthenya aliudhika. Alikuwa amefundisha miaka saba. Je, yeye hamjui mtoto mkaidi? Lakini asiporudia angeanguka, kwa hiyo alirudia. Safari hii aliandika tu kile ambacho macho yake yaliona.

Jumatatu: Kisilu anasimama wengine wakiwa wamekwisha kusimama. Jumanne: anaimba, lakini wimbo umekwisha na yeye bado anaimba. Jumatano: nikisema, anatazama mdomo wangu.

Alhamisi alipita nyuma yake, akaipiga sufuria ya uji kwa mwiko. Watoto wote waligeuka. Kisilu aliendelea kupanga visoda vyake, vifuniko vya chupa za soda, sakafuni.

Nthenya alisimama hapo na mwiko wake. Mkono ulioushika ndio uliokuwa ukishika kiboko.

Jioni hiyo alimwendea Mbula, mama yake Kisilu. Alimkuta uani, akimnyonyesha Muthoki, mtoto wake mchanga.

"Mama Kisilu, mtoto hasikii."

"Anasikia akitaka. Mwite kula uone vile anakuja mbio."

"Anakuja kwa kusikia, ama kwa kuona sahani?"

Mbula alimhamishia Muthoki titi la pili.

"Nzi wanamfuata masikioni. Masikio yalianza kutoa usaha lini?"

"Tangu ile surua ya mwaka jana. Nilimtilia maziwa yangu, vile mama alikuwa anatutilia sisi. Halafu watoto wakaanza kumcheka, eti ananuka. Nikaziba."

"Ukaziba na nini?"

Mbula alielekeza kidole shambani. "Na pamba. Si tunayo?"

Kesho yake walimpeleka Kisilu zahanati. Muuguzi Rahab alimulika ndani ya masikio, akachukua koleo dogo. Sikio la kulia lilitoa pamba iliyolowa. La kushoto lilitoa pamba nyeusi, na mbegu yake ndani. Harufu ikajaa chumbani.

"Usaha ukitoka, unataka njia," Rahab alisema. "Ukiuziba, unakula sikio kwa ndani. Usitie maziwa, mafuta, majani wala pamba. Sokota kitambaa safi, kiweke mlangoni mwa sikio kinyonye usaha, ukitoe, uweke kingine, mpaka pakauke. Maji yasiingie. Halafu mlete hapa siku hiyo hiyo. Usingoje."

Alimpa dawa na barua ya kwenda hospitali kubwa. Huko Kisilu alipimwa, wakaambiwa ukweli: sikio la kulia lingesikia kidogo. La kushoto lilikuwa limekufa.

Njiani Mbula alilia. "Ni mimi nimemuulia sikio."

"Na mimi nimemchapa mwaka mzima kwa sababu ya sikio hilo," Nthenya alisema.

"Si ni mimi nilikwambia umchape, Mwalimu? Nilikwambia usimwonee huruma."

Nthenya aliandika kazi yake upya. Ilianza hivi: "Mtoto hasikii. Mwalimu hakuchunguza, akampiga." Iliporudi, hapakuwa na wino mwekundu katika sentensi hizo. Alikichoma kiboko chake chini ya sufuria ya uji. Kisilu alihamia mbele, upande ambao sikio lake la kulia lilimwelekea mwalimu. Nthenya alingoja macho yao yakutane kabla ya kuita jina lake.

"Niko!" Kisilu alipaza sauti kupita kiasi. Hakuna aliyecheka; Nthenya alikuwa amewaeleza wenzake.

Mvua zilipokwisha, Mbula alifika mlangoni mwa darasa akihema, Muthoki mgongoni.

"Mwalimu, sikio la Muthoki limeanza kutoa maji leo asubuhi. Sijatia kitu. Hata maziwa."

Walikwenda zahanati pamoja, na Kisilu akafuata. Rahab alimulika, akalikausha sikio, akatoa dawa.

"Umekuja mapema," alisema. "Huyu atasikia."

Mbula alimfunga Muthoki mgongoni, akamwita Kisilu waondoke. Kisilu alikuwa amewapa mgongo, akipanga visoda kwenye ngazi. Hakugeuka. Mbula akazunguka mpaka mbele yake, akainama, akamwita tena.