Vichupa Viwili vya Damu

Kila asubuhi, kabla hata ya kupiga mswaki, Kasuku alikuwa na kazi moja: kuokota mayai. Jina hilo alibandikwa nyumbani kwa sababu ya mdomo wake usiojua kupumzika. Mama yake, fundi cherehani, alimfundisha utaratibu: gonga sanduku la kuku kwa fimbo mara tatu, chungulia, ndipo utie mkono.

Jumamosi hiyo mchezo wa kuruka kamba ulimnogea. Akamtuma mdogo wake wa miaka mitano, waliyemwita Kitinda kwa kuwa ndiye wa mwisho kuzaliwa. Habari za fimbo hakumwambia.

Mara akasikia ukelele. Alipofika bandani alimkuta Kitinda ameshika mkono wake, na mkia wa kahawia ukitokomea chini ya mbao. Kasuku aliuona vizuri kabisa. Lakini mama alipokuja mbio, futi ya kupimia ikining'inia shingoni, Kasuku alisema, "Kuku amemdonoa, mama."

"Kuku gani huyo? Leo ataingia chunguni!" mama alifoka, akamfunga mtoto kitambaa.

Saa moja baadaye kitambaa kilikuwa chapachapa kwa damu. Mkono ulikuwa umevimba, na Kitinda alipotema mate, yalitoka mekundu. Fizi zilikuwa zinavuja. Mama aliacha gauni la mteja kwenye cherehani, akambeba hadi kituo cha afya. Kasuku alifuata nyuma, kimya. Siku nyingine kimya hicho kingewashangaza wote.

"Amepatwa na nini?" daktari aliuliza.

"Kuku amemdonoa."

"Kuku gani wa kuvimbisha mkono hadi kiwiko, mama?" Akawapeleka maabara.

Mtaalamu wa maabara, mama mmoja mwenye miwani, alitoa vichupa viwili vikavu vya glasi. "Kimoja damu yake, kingine ya mtu asiye mgonjwa. Tutaviacha dakika ishirini bila kuvigusa. Damu isiyo na tatizo huganda."

Kasuku alinyoosha mkono wake kabla ya mama.

Dakika ishirini zilikataa kwisha. Hatimaye yule mtaalamu alikiinamisha kichupa cha Kasuku. Damu ilikuwa imeshikana kitakoni, haikusogea. Akakiinamisha cha Kitinda. Ilitiririka kama maji.

"Kwa nini haigandi?" mama aliuliza.

"Sumu ya baadhi ya nyoka humaliza vitu vinavyoigandisha damu," alisema daktari, ambaye alikuwa amekuja kuona matokeo. "Anaweza kuvuja hata ndani ya mwili, tusione. Lakini yapo magonjwa mengine ya namna hii, na dawa ya sumu ya nyoka ina madhara yake. Sipendi kubahatisha. Mna hakika ni kuku?"

Kasuku aliviangalia vile vichupa. Aliogopa kuliko alivyowahi kuogopa fimbo ya mama.

"Ni nyoka," akasema, machozi yakimtoka. "Niliuona mkia. Kazi ilikuwa yangu, nikamtuma yeye. Niliogopa kuchapwa."

Daktari alikwisha kumwita muuguzi, na dripu ya dawa ikatundikwa.

Saa sita baadaye walijaza kichupa kingine damu ya Kitinda, wakangoja tena dakika ishirini. Kilipoinamishwa, damu haikusogea. Mama aliketi palepale sakafuni akalia kwa furaha.

Kitinda alifumbua macho. "Dada, mayai yalivunjika?"

Kasuku alimfunika shuka vizuri. Mtaalamu wa maabara akamshika bega.

"Mwanangu, kukosea si ajabu, hata sisi wakubwa tunakosea. Lakini kichupa kilitueleza tu kwamba damu haigandi. Sababu ulikuwa nayo wewe tangu asubuhi, na ukweli ukichelewa, dawa nayo inachelewa. Siku nyingine sema mara moja, hata kama utachapwa."

"Nimesikia, shikamoo," Kasuku alisema, salamu aliyoisahau tangu asubuhi.

Mama alifuta machozi, akasimama. "Mbao zile tutaziondoa. Fimbo ya kugonga sanduku utaibeba wewe mwenyewe. Na tukifika nyumbani, mwombe radhi kuku wangu, maana nilishaanza kumtafutia sufuria."