Rasimu Iliyopigwa Muhuri

Anselme alivuka daraja la Pont-Neuf mbiombio, furaha imempanda kichwani, akapamiana na msichana katikati ya wauza machungwa na wanyoa mbwa. Koti lake, bado bichi kwa rangi, likaacha mchirizi wa buluu kwenye gauni jeupe la melimeli.

"We kaka, macho umeyasahau nyumbani?"

"Samahani, binti! Nitalifua mwenyewe."

"Rangi ya mafuta utaifua kwa machozi?"

Msichana alitaka kukasirika, kicheko kikamponyoka. Aliitwa Honorine, fundi wa maua ya hariri ya kofia, mwenye nywele nyeusi tititi na ulimi mkali kuliko mkasi wake. Anselme akamweleza kwamba ametoka kukabidhi rasimu yake ya rangi kwenye shindano kubwa la wachoraji: Ariadne amelala ufukweni, na Theseus, mwanamume ambaye Ariadne alimwokoa asife, anapanda merikebu kumtoroka.

"Imeshapigwa muhuri. Sasa nitafungiwa chumbani kila siku niichore kwa ukubwa, na isitofautiane na rasimu. Ukibadili, umejitoa."

"Na hilo toro unalichora la nini, badala ya kulitia makofi?"

Hapo Anselme alikwisha. Kusema kweli, hata Honorine alikwisha, ila yeye alijua kujikaza.

Kila asubuhi alipita chini ya dirisha la Anselme na kikapu cha matunda ya cheri. Kanuni ilikataza maongezi, kwa hiyo waliongea.

"Umekula, roho yangu?"

"Nimekula rangi! Wewe umeniota?"

"Nimeota mchumba mwenye koti safi."

"Hakuna kuongea na mtu wa nje!" alifoka mlinzi, mzee Bastide, huku akichota cheri kikapuni.

Mapenzi ni kikohozi, hayafichiki, na Bastide aliyaonea huruma. Asubuhi moja akamwambia, "Binti, usijisahau. Akishinda anapelekwa Roma miaka mitano, na mwenye mke hapelekwi."

Honorine akainua uso dirishani. "Ulijua?"

"Nilijua. Nilitaka kukwambia..."

"Lini? Ukishafika Roma?"

"Mpenzi, shindano hili nimelitamani tangu utotoni!"

"Basi nenda, Anselme. Lakini mimi si wa kulala ufukweni ukinitoroka."

Hakupita tena. Anselme alilia bila aibu, na Bastide akajifanya anakagua kufuli.

Siku ya maonyesho, Shangazi Perrine alimvisha Honorine gauni la kijani na kumkokota. "Umekonda kwa ajili yake. Angalau ukamtukane uso kwa uso."

Picha zilitundikwa pamoja na rasimu zake. Mbele ya picha ya Anselme watu walikuwa wakicheka.

"Ameharibu! Kwenye rasimu Theseus anapanda merikebu. Hapa amerukia majini, anarudi ufukweni!"

"Na mwanamke hajalala!"

Kweli hakulala. Ariadne mwenye nywele nyeusi tititi alisimama mkono kiunoni, akingoja kumfokea mtu. Majaji walikuwa wameshaitoa picha hiyo shindanoni.

Honorine alimkuta Anselme kando ya ukuta. "Mwendawazimu wewe! Ungeshinda!"

"Pengine."

"Nani alikutuma?"

"Hakuna. Kila nikimchora anaondoka, mkono unakataa. Roma naitaka mpaka leo, sikudanganyi. Lakini wewe nakutaka zaidi. Nitachora vibao vya maduka, nitachora mapepeo ya kujipepea. Honorine, nikuoe?"

Honorine alifuta machozi, akaikazia macho picha. "Theseus wako umemchora vibaya. Kama anajikwaa."

"Anajikwaa. Ana haraka."

"Mjibu mtoto wa watu," alisema Shangazi Perrine, "miguu inaniuma."

Honorine akamshika Anselme mkono mbele ya majaji wote.

"Twende kwa padri sasa hivi," alisema, "kabla hujabadili na hilo."